Maji ya moto yanatoka rangi ya chai kwenye nyumba uliyohamia: shika glasi kabla hujashika simu ya fundi

Siku ya pili tu baada ya kuhamia Njiro, hapa Arusha, waifu akaniita bafuni kwa ile sauti ambayo ukiisikia unajua kuna kitu hakiko sawa. Ndoo nyeupe ya kuogea imejaa maji ya moto na maji yenyewe yana rangi ya chai ya rangi, tena iliyokolea, bado sukari tu. Upande wa baridi, koki hiyohiyo, maji safi hayana neno. Nyumba ilikaa tupu miezi minane kabla yetu, na dalali alitutajia hilo kama sifa eti "imepumzika".

Nikampigia fundi. Hata hajafika akasema, "Bosi, hita imeoza hiyo, andaa laki tatu na nusu tufunge nyingine." Nikampigia mama mwenye nyumba, yeye akasema, "Mwanangu, hayo ndiyo maji ya Arusha, fungulia yatoke, yataisha." Kila mtu ana jibu na hakuna hata mmoja aliyeyaona maji. Baadaye nilikuja kugundua kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake cha ukweli, ila ningemsikiliza fundi siku ile leo ningekuwa na hita mpya kabisa ukutani na maji bado ya kahawia kila asubuhi, utaona kwa nini huko chini.

Basi nakuandikia nilivyofanya, kwa mpangilio, na wewe ukihamia ukakutana nayo usikurupuke. Nazungumzia zaidi hita za tanki, zile za lita 30, 50 au 80 zinazoning'inia ukutani bafuni au darini. Kama una ile shawa ya umeme inayochemsha papo kwa papo, hiyo haina tanki, kwa hiyo ruka sehemu za hita, rangi yako inatoka kwenye maji au kwenye mabomba, basi.

Hatua ya 1: toa maji yaliyolala

Nyumba ikikaa bila mtu maji yanalala kwenye mabomba na ndani ya hita, na maji yaliyolala kwenye chuma hata wiki mbili tu yanachukua rangi. Kwa hiyo rangi ya siku ya kwanza haikwambii kitu, usianze kuhukumu nayo. Fungua madirisha ya bafu, fungua kichwa cha shawa na zile chujio ndogo zilizoko mdomoni mwa koki (ukizikuta zimejaa mchanga weka pembeni, usitupe, ni ushahidi), halafu fungulia koki moja moja, baridi kwanza, dakika tano hadi kumi, kisha moto.

Na usisimame hapo ukivuta mvuke. Hita iliyokuwa imezimwa au inakaa vuguvugu ndiko bakteria wanaoitwa legionela wanakopenda, wanazaliana kwenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 hivi, na wanaingia mwilini kwa kuvuta matone madogo ya maji, yaani shawa hasa. Ukishatoa maji ya zamani washa hita, themostati iwe 60 au zaidi, iache masaa kadhaa, halafu fungulia tena maji ya moto yapite kila koki. Angalia watoto wasiguse maana nyuzi 60 inaunguza ngozi kwa sekunde chache.

Hita ya lita 50 kutoka baridi ya huku kwetu mpaka nyuzi 70 inakula kama yuniti 3 za LUKU, na kama koili yake (kile chuma cha ndani kinachochemsha maji) ni ya wati 1500 ni masaa mawili hivi. Nakwambia mapema ili ujue kila ukichemsha ukamwaga ni hela inaenda chini, ndiyo maana hatua inayofuata inabidi uifanye vizuri mara moja.

Hatua ya 2: glasi nne

Hii ndiyo kazi yote. Ukiifanya hii vizuri zilizobaki ni kukaza na kulegeza tu.

Tafuta vyombo vinne vya kioo vinavyofanana, glasi au chupa za jemu. Nilianza na chupa za plastiki za maji ya kunywa, ile ya maji ya moto ikajikunja mkononi kama karatasi na nusu ikanimwagikia mguuni, kwa hiyo tumia kioo, na kioo chenyewe kipashe kwanza kwa maji ya vuguvugu kisije kikapasuka. Bandika vikaratasi uandike namba.

Glasi ya 1, maji ya baridi kutoka koki inayotoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji, mara nyingi ni ile ya uani karibu na mita. Glasi ya 2, maji ya baridi ya bafuni. Glasi ya 3, maji ya moto ya bafuni, yale ya kwanza kabisa asubuhi kabla mtu hajagusa koki yoyote. Glasi ya 4, maji ya moto koki hiyohiyo baada ya kuyaacha yatoke dakika tatu.

Sasa kwa nini mbili za baridi? Hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Nyumba zetu nyingi zina njia mbili za maji: koki ya uani na wakati mwingine ya jikoni inatoka mamlaka moja kwa moja, lakini bafuni na hita vinalishwa na simtank lililoko juu. Mtu anachukua maji ya baridi jikoni, anaona meupe, anachukua ya moto bafuni, anaona ya kahawia, anasema hita. Kumbe amelinganisha maji ya vyanzo viwili tofauti, simtank lina matope ya miaka minne na hita haina kosa lolote. Baridi na moto linganisha kwenye koki moja, la sivyo hujapima kitu.

Kama hujui koki ipi inatoka wapi, funga koki inayotoka kwenye simtank halafu zunguka nyumba ukifungulia, inayokauka ndiyo ya tanki. Mimi nilikuta sinki la jikoni linatoka mamlaka na mama mwenye nyumba mwenyewe alikuwa hajui.

Panga glasi zako mbele ya karatasi nyeupe, piga picha, na uziache hapo usiku kucha bila kuzifunika.

Hatua ya 3: zisome

Glasi ya 1 ikiwa chafu tatizo liko nje ya geti. Uliza majirani. Maji yakikatika yakarudi, au bomba kubwa likichimbuliwa na kuunganishwa, yanakuja ya udongo masaa machache kisha yanasafika. Muda huo funga koki inayoingiza maji kwenye hita na usijaze simtank, maana uchafu ukishaingia humo unakuwa mpangaji mwenzako.

Ya 1 safi na ya 2 chafu, ni simtank au bomba linaloshuka kutoka humo.

Ya 1 na ya 2 safi, ya 3 chafu, ya 4 safi: maji yanachafukia njiani yakiwa yamelala usiku, yaani kati ya hita na koki. Bomba la chuma au kiungio.

Ya 3 na ya 4 zote chafu, hapo ndiyo tunaongelea hita. Na ukiona ya 4 ni chafu kuliko ya 3 ndiyo usijiulize mara mbili, maana ile ya 3 yalikuwa maji ya kwenye bomba na ya 4 ndiyo yaliyotoka tumboni mwa tanki lenyewe.

Kama rangi inatoka koki moja tu ya moto na nyingine zote ziko sawa, acha hita, angalia ule mpira wa kuunganisha sinki na chujio ya koki hiyo.

Kuna mtego mmoja ambao watu wa visima virefu lazima waujue. Madini ya chuma yakiwa yameyeyuka ndani ya maji hayaonekani, maji yanatoka kisimani meupe peee, yakikutana na hewa na joto ndiyo yanageuka kahawia. Kwa hiyo glasi ya 2 inaweza kukuonyesha safi saa moja jioni na asubuhi ukaikuta ya njano na kitu kama pamba ya rangi ya machungwa imetulia chini. Ndiyo maana nimesema uache usiku kucha. Na kuna jaribio jingine nalipenda sana, chukua lita moja ya maji ya baridi ya bafuni, chemsha kwenye sufuria ambayo ndani ni nyeupe, uache yapoe. Yakigeuka rangi sufuriani hita yako haina hatia, maji ndiyo yenye chuma, na dawa yake ni kuyapitisha kwenye hewa na chujio kabla hayajaingia ndani. Yakibaki meupe basi joto peke yake halitoshi kuleta rangi, kuna kitu ndani ya tanki kinachooza. Yangu yalibaki meupe.

Halafu rangi zenyewe. Kahawia au wekundu wa kutu nimeshasema, ni chuma. Ukiona chembe chembe chini ya glasi, zikaushe kwenye tishu, pitisha sumaku (sumaku ya spika mbovu inatosha), zikivutwa ni magamba ya chuma kutoka kwenye bomba au tanki. Zisipovutwa usihitimishe chochote, kutu laini nyingine hata sumaku haiitaki.

Nyeupe kama maziwa: tulia, tazama glasi dakika mbili. Yakisafika kuanzia chini kwenda juu ni hewa, maji yakipashwa moto yanaachia hewa iliyokuwa imeyeyuka, haina madhara yoyote. Ikiwa ni vipande vyeupe vigumu vinavyozama, ni chokaa ya maji magumu, weka tone la siki kwenye kipande, kikitoa mapovu ndiyo chenyewe. Chokaa inakaa kwenye koili kama ganda la yai na inakulia umeme.

Nyeusi: kitomase kipande kati ya vidole viwili. Kikisagika na kuacha mchoro mweusi kama masizi ni mpira uliochoka, ule wa kuunganisha sinki au gasiketi ya hita, joto ndilo linaloumaliza. Kama ni ukungu mweusi kahawia unaoganda kwenye choo na sinki hata upande wa baridi, hiyo ni madini ya manganizi kwenye maji. Kijani au bluu ni shaba, huku ni nadra kwa sababu mabomba ya shaba si mengi, ila ukiona doa la kijani chini ya koki usiyanywe maji hayo kabla hujayapima.

Na harufu. Maji ya moto yakinuka yai viza na ya baridi hayanuki, hiyo ni bakteria wanaokaa kwenye hita wanageuza salfati ya kwenye maji kuwa gesi, na fito ya magnesiamu iliyomo ndani ya hita (kijiti kinacholiwa badala ya tanki, tutakifikia hatua ya 6) inawarahisishia kazi. Wengi wakiambiwa hivyo wanaing'oa fito wanaitupa, harufu inaisha kweli, baada ya muda tanki linatoboka. Pandisha themostati mpaka 70 masaa kadhaa, mwaga yote, ikirudi weka fito ya aluminiamu yenye zinki.

Hatua ya 4: panda juu kwenye simtank hata kama glasi imesema si lenyewe

Dakika kumi tu. Fungua mfuniko, mulika na simu, na ishike vizuri (namjua mtu ambaye simu yake ilisafishia tanki). Chini utaona tope. Bomba la kutolea maji huwa juu kidogo ya sakafu ya tanki, kwa hiyo tope linaweza kukaa miaka bila kukusumbua, halafu siku tanki likishuka karibu na kuisha linavutwa lote linaingia kwenye hita. Langu lilikuwa na tope la vidole viwili na mjusi mkavu. Tulilisafisha tukaendelea na maisha.

Hatua ya 5: toa tope la hita

Hapa sasa tafadhali. Zima breka ya hita, si swichi ya ukutani peke yake, halafu hakikisha kwa tesita. Ukitoa maji umeme ukiwa unaingia, koili inabaki inawaka bila maji na inaungua hapohapo, na hiyo ni nafuu, mbaya zaidi ni wewe ukiwa umeshika bomba lenye maji na waya wa ethi haupo, na nyumba ambazo waya wa ethi haupo ni nyingi kuliko unavyofikiria. Kama breka hujui iko wapi au waya za hita zimefungwa kwa gundi ya karatasi, ita fundi umeme, hiyo si hatua ya ujasiri.

Zima usiku, toa maji asubuhi yakiwa yamepoa. Funga koki ya maji ya baridi inayoingia kwenye hita. Fungulia koki ya moto bafuni na uiache wazi ili hewa iingie, la sivyo maji yatagoma kutoka. Kwenye bomba la kuingilia, chini ya hita, kuna sefti valvu, kile kidude chenye kijishikizo na kimdomo kidogo. Vika mpira kwenye kimdomo, upeleke kwenye ndoo nyeupe, nyanyua kijishikizo.

Yatatoka polepole, tulia, kunywa chai. Ndoo yangu ya kwanza ilikuwa chai, ya pili chai nzito, halafu mwishoni ikaanza kutoka kitu kama uji wa ulezi, kijivu na kahawia, kinakwaruza ukikipikicha kidoleni. Tanki likiisha usifurahi bado, maana uchafu mzito umelala chini haujasogea. Fungulia maji ya baridi sekunde kumi na tano kwa nguvu yatibue, funga, toa tena. Rudia mara nne au tano mpaka ndoo ionyeshe chini. Kama kimdomo kinaziba, ni magamba, itabidi kufungua sefti valvu yenyewe kwa spana na kutolea hapo, andaa beseni kubwa na matambara.

Unapojaza: koki ya moto ibaki wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila kupiga chafya, ndipo uwashe breka. Kabla ya hapo usiiguse.

Na siku zinazofuata ukiona sefti valvu inadondosha matone wakati hita inawaka, usiite mtu. Maji yakipashwa yanavimba, lita 50 kutoka baridi mpaka nyuzi 70 zinaongezeka karibu lita nzima, lazima itoke mahali. Kuna watu wanaiziba kwa plagi ili isichafue ukuta, aisee hiyo ni kutega bomu bafuni kwako. Inayodondosha hata hita ikiwa imezimwa na imepoa ndiyo mbovu, au presha ya maji yako iko juu mno.

Baada ya kutoa tope maji yangu yalikuwa safi siku sita. Ya saba, chai imerudi, nyepesi kidogo, kama imeongezewa maziwa kwa mbali.

Hatua ya 6: angalia fito

Ndani ya hita nyingi tanki ni la chuma lililopakwa ndani kitu kama kioo, na upako huo haukosi vitundu vidogo. Ili chuma kisiliwe wanaweka fito ya magnesiamu, yenyewe ndiyo inaliwa badala ya tanki, ni kama mbuzi wa kafara kila siku kidogo kidogo. Ikiisha, zamu ya tanki. Inadumu miaka mitatu mpaka mitano hivi, kutegemea na maji, na sijawahi kukutana na mpangaji aliyewahi kuambiwa kwamba ipo.

Kwenye hita za ukutani huwa imefungwa kwenye sahani moja na koili, chini, ndani ya kifuniko cha plastiki. Zima breka tena, pima tena kwa tesita, toa maji yote, piga picha ya waya kabla hujachomoa hata moja, fungua nati, shusha sahani taratibu, kuna maji bado yamejificha humo na yatakuja shingoni kwako. Yangu ilipotoka sikuamini: hamna fito, kuna waya mwembamba tu uliojikunja na kidonge kimoja cheupe kimening'inia kama pipi iliyonyonywa ikasahaulika. Koili imevaa koti la chokaa. Chini ya tanki tope nyingine kilo nzima.

Nilitoa tope kwa mkono, nikaloweka koili kwenye siki usiku mmoja (ile sehemu ya waya isiguse siki), nikabeba mabaki ya fito dukani ili wanipe yenye uzi wa kipimo kilekile, na gasiketi mpya. Gasiketi usirudishe ya zamani hata kama inaonekana nzima, itakuvujia usiku wa manane. Fito na gasiketi vyote chini ya elfu thelathini na tano. Linganisha na laki tatu na nusu.

Ukiwa umefungua hivyo mulika tanki kwa ndani. Madoa madoa ya kutu hapa na pale, tanki bado linapigana. Ukiona magamba yanabanduka kipande kizima, au nje ya hita kuna maji yanayochuruzika kwenye maungio ya bati lenyewe na si kwenye valvu, hapo fundi yuko sahihi, nunua nyingine, hakuna atakayeliziba tanki kwa ndani akakaa nalo.

Hatua ya 7: kile kilichobaki

Nilidhani nimemaliza. Maji yakawa safi mchana kutwa, lakini kila asubuhi ile glasi ya 3 ina umanjano, ya 4 safi. Rudi juu usome tena: moto wa kwanza mchafu, moto wa baadaye safi, maana yake ni njia. Lakini mabomba ya nyumba hii ni PPR, plastiki, yale ya kijani, hayashiki kutu. Nikawa nazunguka kama kuku.

Mpaka nikaamua kuchukua maji pale pale yanapotokea kwenye hita, kabla hayajaingia kwenye bomba. Nikafungua ule mpira wa kuunganisha. Kati ya hita na mpira kulikuwa na kiungio kifupi cha chuma, hakizidi urefu wa kidole, cha nusu inchi. Nikachungulia ndani: tundu limebaki la kupitisha kalamu ya wino, kwingine kote kutu imejijenga kama kichuguu. Chuma kimeunganishwa na shaba moja kwa moja, maji ya moto yanapita kutwa, hakina namna, kinaliwa. Fundi aliyefunga alikosa cha kufaa akaweka alichokuwa nacho mfukoni. Na hiki kidude kingebaki palepale kikafungiwa hita mpya, na mimi ningerudi kulalamika kwamba hita mpya nayo mbovu.

Hapo wekea kiungio cha kuzuia vyuma viwili visigusane, chenye plastiki ndani, kama duka lako hawana weka cha shaba na utegemee fito. Tredi tepu mizunguko kumi na mbili hivi, kufuata upande wa kukazia. Presha ya shawa ilirudi pia, tulikuwa tumeshazoea kuoga kwa kuchuruziwa tukajua ndivyo nyumba ilivyo.

Mambo ya pembeni

Muda wote huo usinywe wala usipikie maji ya moto ya koki, na hata yakisafika usifanye hivyo, maji ya moto yanayeyusha vyuma vya njiani kuliko ya baridi, chukua ya baridi uchemshe. Na hapa Arusha ukumbuke weupe wa maji si cheti, floraidi (madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi) haina rangi wala harufu na kuyachemsha hakuiondoi, unaizidisha tu kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Inahitaji chujio lake, kama yale ya mkaa wa mifupa ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeyafanyia kazi miaka mingi.

Nguo nyeupe zikishapata doa la kutu usimwagie Jiki, Jiki inaligandisha doa la chuma ndiyo halitoki tena. Ndimu na chumvi, anika juani, suuza. Soksi za shule za binti yangu zilipona zote isipokuwa pea moja ambayo mtu aliwahi kuilowekea Jiki kabla hajaniuliza, sitamtaja kwa sababu ndiye anayenipikia.

Kwa mwenye nyumba usiende na maneno. Mimi nilimpelekea mama picha za glasi nne kabla, glasi nne baada, na kile kiungio chenyewe nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Akakishika, akakigeuza, akachungulia tundu, akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa hiki ndicho kilikuwa kinanifanya nioge na kutu miaka yote nikikaa humo?" Akakubali kukata hela ya kiungio na gasiketi kwenye kodi. Ya fito akakataa, eti fito ni kitu cha kuliwa, kama sabuni, anayeoga ndiye anunue. Nimeandika tarehe ya kuibadilisha kwa makapeni ubavuni mwa hita, na chini yake nimeongeza "imenunuliwa na mpangaji".